Naogopa karatasi

Jumamosi, usiku.

Leo nimepiga mishale 60 na sikuona hata mmoja ulikoingia. Wiki ya tatu hii nasimama hatua tatu kutoka kwenye robota la nyasi, navuta, nafumba macho, naachia. Wenzangu wako mita 70 wakihesabu pointi.

Yalianza Februari. Kidoti cha kulengea cha upinde kikikaribia njano, lile duara la katikati ya shabaha, vidole vinafunguka vyenyewe. Sijaamua, mshale umeshakwenda. Halafu ukaja ugonjwa wa kinyume chake: mkono unaganda kwenye nyekundu, chini kidogo ya njano, na haupandi ng'o. Nikielekea robota tupu natulia kama maji mtungini. Ibandikwe ile karatasi ya shabaha ya sentimita 122, basi, mimi si mimi.

Nilimsimulia mama kwenye simu. Babake alikuwa Mkamba, mwindaji wa uta na mishale. Akanyamaza kidogo, kisha: "Yaani mwanangu, unaogopa karatasi?"

Nilisingizia upinde. Nikashusha uzito wa kuvuta kutoka paundi 38 hadi 32, na hapo nakiri nilipata nafuu, maana bega la kushoto lilikuwa likipanda hadi sikioni. Nikafunga klika, kile kibati kinacholia tik ncha ya mshale ikiponyoka chini yake, ili iniambie lini niachie. Siku chache tu nikawa nashtushwa na klika yenyewe.

Dawa ya kocha ilikuwa ya ajabu: vuta, lenga, hesabu hadi nane, teremsha. Usiachie. Siku nzima sikupiga mshale hata mmoja, na nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku zote.

Macho yakiwa yamefumbwa ndipo nimegundua kwamba nilikuwa naachia kwa vidole, mkono ukiruka pembeni kama unafukuza inzi. Siku hizi nasikiliza mfupa wa bega ukisogea kuelekea uti wa mgongo, na mkono unateleza shingoni hadi nyuma ya sikio.

Jioni kocha kabandika karatasi, mita kumi, lakini kaigeuza: upande mweupe ndio ulionitazama. Nilijua njano iko nyuma yake. Mkono nao ulijua. Nimeteremsha mara mbili. Wa tatu umeondoka mgongo ukiwa bado unavuta.

Nikakimbilia kuigeuza karatasi. Kocha alikuwa ameshaibandua na kuikunja, kaitia kwapani.