Usiisugue medali ya Uhuru

Medali ya kumbukumbu ya Uhuru au Muungano ikitoka kabatini imesawijika, wengi hapa Mwanza hukimbilia limau na majivu. Tafadhali, acha. Ile rangi ya kahawia iliyokolea ni ngozi ya shaba yenyewe, na ndiyo inayoilinda. Kusugua hula madini, na huanza na palipoinuka: nywele, shavu, ncha za herufi. Iliyopakwa dhahabu huharibika upesi zaidi, kwa kuwa tabaka hilo ni jembamba mno.

Cha kuogopa ni ukijani. Ule unaonata hutokana na vifuko vya plastiki laini, ambavyo vikichakaa kwa joto hutoa asidi. Toa utepe kwanza, kisha loweka medali kwenye asetoni safi (kiyeyusho kinachoshika moto upesi) kwa dakika 5 hadi 10, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Yenye rangi za kupakwa usiiloweke, zitayeyuka.

Ukijani mkavu unaopukutika kama unga ni mbaya zaidi: ni chumvi ya jasho iliyokwisha kuingia ndani ya shaba. Ziwa letu ni la maji baridi, chumvi haitoki huko. Inatoka vidoleni mwetu, na unyevu wa masika huiamsha. Loweka kwenye maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri (hakikisha si yale makali yenye asidi), ukiyabadilisha kila siku kwa wiki kadhaa. Kisha kausha kabisa, uifungie kwenye kopo linalobana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ishike kwa ukingo tu.

Ukitaka kununua, azima mizani ya sonara ujue medali ni ya madini gani. Pima medali ikiwa kavu, bila utepe. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uining'inize medali kwa uzi izame bila kugusa glasi. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka. Gramu 26.7 kwa 3.0 ni 8.9: shaba, au shaba na nikeli. Ikitoka karibu 7, huenda ni zinki iliyopakwa rangi. Fedha halisi hufika 10.5.

Soma na maandishi. Jina Tanzania lilianza Oktoba 1964, kwa hiyo medali yenye jina hilo haikutengenezwa kwa sherehe za Desemba 1961, hata muuzaji aape.