Ubongo wa magazeti, wiki ya tatu: nimekosea pande

Haya, huu ubongo wangu sasa angalau wafanana na ubongo, wiki ya kwanza mama alikuwa aniuliza kama nachonga boribo.

Kwa asojua nilipoanzia: bibi yangu alishikwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia ukalala na maneno yakamkimbia. Yuwaelewa kila kitu, ila akitaka kujibu latoka neno moja tu, "basi". Watu wa nyumbani wakaanza kumpigia makelele kama kiziwi, wengine wamsemesha kitoto kabisa, hilo liliniuma wallahi, ndo nikasema natengeneza ubongo wa kuwaka taa niwaonyeshe palipoumia ni wapi na palipobaki ni wapi.

Umbo ni puto mbili, magazeti na gundi ya unga wa ngano. Kwa huu unyevu wa Mombasa haukauki ng'o, ukaota ukungu, nikaupandisha darini siku nne. Ubongo wenyewe hasa ni kama kilo 1.4, wangu hata mkate wa boflo waushinda.

Jumamosi nikafunga waya. Taa nyekundu mbele, eneo la Broca, la kutoa maneno. Huyu Paul Broca alikuwa daktari Ufaransa, 1861 alipata mgonjwa ambaye neno lake lilikuwa "tan" tu, alipokufa wakampasua wakakuta pameharibika mbele upande wa kushoto. Niliposoma hapo nikaweka simu chini kwanza, manake na bibi ana "basi" yake. Kijani nyuma kidogo juu ya sikio, eneo la Wernicke la kuelewa, pakiumia hapo mtu huongea maneno chapchap lakini hayana kichwa wala miguu. Bluu kisogoni, kuona. Nyeupe utosini kushuka kuelekea sikio, kutembeza viungo, mguu juu, mkono chini yake.

Sasa balaa. Mpwa wangu wa miaka tisa abonyeza nyekundu, yawaka kulia! "Mjomba, si ulisema kushoto?" Kumbe ile picha niliyoiga ilikuwa yanitazama mimi, kushoto kwake ni kulia kwangu, nami nimenakili vilevile kama mjinga. Nikabandua zote, gundi ikaondoka na nusu ya mikunjo, waya mbili zikakatika.

Nilipomaliza akaniuliza tena, kama palipoumia ni kushoto mbona mkono ulolala ni wa kulia. Nikachukua kamba mbili za viatu nikazipishanisha chini, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, mishipa mingi ya kuamrisha viungo huvukia upande wa pili hapo. Hizo kamba zimefahamisha watu kuliko taa zote.

Ila taa moja kazi moja ni uongo kidogo, kuongea tu sehemu kibao zashirikiana. Juzi redio ilipiga taarabu ya zamani, bibi akaitikia kibwagizo na maneno yake! Tukabaki twatazamana. Kumbe yatokea sana kwa wagonjwa kama yeye, upande wa kulia wa ubongo wahusika sana na mahadhi na kwake uko mzima. Kwa hivyo kesho naenda Mwembe Tayari kutafuta taa ya njano niitie kulia, na betri nyingine, hii watoto washaimaliza.