Mama, meli inaondoka saa kumi na moja

"Mwanangu, watu wa meli wanajua kwamba tunakuja?"

Mama aliniuliza hivyo tukiwa tumeketi kwenye viti vya chuma katika uwanja wa ndege tuliokuwa tunapita tu. Nikamwambia ndiyo mama, wanajua. Kweli walikuwa na majina yetu na namba ya chumba chetu. Lakini kwamba saa ile tumekwama, tumekwama wapi, na ndege gani imetukwamisha, hakuna aliyekuwa na habari wala aliyekuwa na wajibu wa kuwa na habari. Tiketi za ndege nilikuwa nimekata mwenyewe. Meli ilikuwa Barcelona, ing'oe nanga saa kumi na moja jioni, na sisi ilikuwa inakaribia saa saba mchana bado hatujapanda ndege ya mwisho.

Nimesafiri na mama kwa meli za kitalii mara tatu sasa. Kila ndugu au rafiki anayefikiria safari ya namna hiyo huniuliza jambo moja: tiketi ya ndege ninunue kwa kampuni ya meli, au nijitafutie? Nimekuwa nikijibu kwa simu, nusunusu, na nahisi majibu yangu hayajawasaidia wengine. Leo nieleze yote kwa kituo.

Safari ya kwanza tulipandia Civitavecchia, bandari ambayo vitabu vya matangazo huiita Roma ingawa iko kama kilomita 70 kutoka mjini. Kila kitu nilinunua kwa kampuni ya meli, ndege na usafiri wa kutoka uwanjani hadi bandarini. Wakati ule sikujua kwamba kampuni hizi huwa na njia mbili za kukuuzia ndege. Ipo ile unayochagua mwenyewe kwenye orodha yao, ukaona saa, shirika na mahali pa kubadilishia, ndipo ukakubali. Na ipo ile ambayo unalipa tu, wao wanakupangia kwa viti walivyoafikiana bei na mashirika ya ndege, halafu unapewa ratiba wiki chache kabla ya kuondoka. Mimi niliingia kwenye hii ya pili bila kuuliza.

Ratiba ilipofika nilitamani kulia. Ndege tatu. Kati ya ya kwanza na ya pili, dakika 55. Mama ana miaka 71 na magoti yake yote mawili ni mabovu. Viti tukapewa mbalimbali, yeye nyuma kabisa katikati ya watu wawili, mimi mbele. Nilipopiga simu kwa shirika la ndege kuomba tukae pamoja, niliambiwa tiketi za namna ile hubadilishwa na aliyeziuza, nirudi kwa kampuni ya meli. Kampuni ya meli ikasema viti ni mambo ya shirika la ndege.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimekiomba kwa kampuni ya meli, nikaandikiwa kwamba ombi limepokelewa. Limepokelewa, kweli, kwa ajili ya meli. Kwenye ndege halikufika. Mama alitembea kwa miguu kutoka mlango wa ndege moja hadi mlango wa nyingine, amenishika bega, anasimama kila baada ya hatua chache na kuniambia nisijali. Naomba mtu yeyote anayesafiri na mzazi au mgonjwa alikumbuke hili. Namba ya uhifadhi ya meli siyo namba ya uhifadhi ya ndege. Ya ndege ni ile ya herufi na tarakimu sita. Idai hiyo mara tu tiketi inapotoka, kisha piga simu moja kwa moja kwa shirika la ndege, uombe kiti, uombe chakula maalumu kama kipo, na siku mbili tatu kabla ya safari upige tena kuhakikisha. Fanya hivyo hata kama aliyekuuzia ameapa kwamba ameshafanya.

Sasa, ndege yetu ya tatu ilifutwa. Nilipiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye hati za kampuni ya meli, nikiwa na hasira ya dakika 55 na ya magoti ya mama. Dada aliyepokea hakunipa hata nafasi ya kulalamika. Aliniambia ameshaona, kuna ndege ya shirika jingine baada ya saa moja na nusu, tumewekewa nafasi, tusogee kaunta fulani. Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, tulimkuta kijana amesimama na karatasi yenye nembo ya meli, ana orodha mpya yenye majina yetu. Tulifika bandarini saa moja kabla meli haijafunga mlango.

Niwe mkweli: sikuhesabu wema huo. Nilirudi nyumbani nikihadithia habari ya ratiba mbaya na viti vya mbalimbali, nikaapa kwamba safari ijayo napanga mwenyewe.

Na nilipanga vizuri, kwa macho ya mtu anayetazama bei na starehe. Mabadiliko ya ndege yalikuwa moja tu. Viti pamoja, dirishani na pembeni yake. Kiti cha magurudumu nilikihakikisha mara tatu. Ila ili bei ishuke nilikata tiketi mbili za mashirika mawili yasiyohusiana, na ili nisilipie hoteli nilipanga tufike Barcelona siku ileile ya kuondoka, saa nane mchana. Uwanja wa El Prat uko karibu na bandari, kwa teksi ni muda mfupi. Kwenye karatasi nilikuwa na saa tatu za ziada.

Ndege ya kwanza ilichelewa saa mbili na nusu. Ndiyo tu. Siyo dhoruba wala mgomo. Shirika la pili likatuandika kama abiria ambao hawakutokea. Kwao haikuwa ndege imechelewa, ni sisi tuliochelewa, na tiketi yetu ikafa pale pale. Huko ndiko kuna tofauti kubwa ambayo haionekani siku ya kununua. Tiketi moja yenye ndege mbili ndani yake, shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho wa tiketi hiyo. Tiketi mbili, kila mmoja anakufikisha mwisho wa yake na kunawa mikono. Nikakumbuka sheria ya Ulaya ya mwaka 2004, ile ya fidia ya euro 250 hadi 600 kulingana na umbali. Fidia hiyo huanzia kwenye ucheleweshaji wa saa tatu. Sisi tulikuwa saa mbili na nusu. Bima yangu nayo, nilipoisoma vizuri pale kwenye vile viti vya chuma, ilianza kuhesabu baada ya saa sita.

Nilinunua tiketi mpya kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka. Tulitua Barcelona saa moja na dakika arobaini usiku. Mama alitaka twende bandarini hata hivyo, aone. Nikamwambia mama, meli inaondoka saa kumi na moja, sasa hivi iko baharini. Akanyamaza.

Kuna watu wanaodhani kwamba ukinunua ndege kwa kampuni, meli itakungoja. Hilo siyo ahadi wanayotoa, na ukielewa bandari inavyofanya kazi utaona kwa nini. Nafasi ya gatini imepangiwa muda, rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kutoka, ameshaagizwa, na bandari ya kesho yake nayo ina saa zake. Tena orodha ya abiria lazima iwe imefungwa na kupelekwa kwa mamlaka. Kwa meli inayotoka Marekani, si chini ya dakika 60 kabla ya kuondoka. Unachonunua kwa kampuni ya meli ni mtu. Mtu ambaye kazi yake usiku huo ni kuhakikisha unaifuata meli hadi bandari inayofuata, na kampuni inayobeba gharama hiyo kwa kadiri ya masharti yake. Soma masharti hayo, kwa sababu kampuni moja inaweza kulipia hoteli na tiketi mpya, nyingine ikasaidia kupanga tu.

Mimi usiku ule mtu huyo sikuwa naye. Nilikuwa mimi. Nilipiga simu kwa wakala wa bandari, yule anayeiwakilisha meli pale inapotia nanga; jina lake liko kwenye hati za safari ambazo wengi hatuzisomi. Alikuwa mpole sana. Alinieleza kwamba meli ina siku nzima baharini halafu Napoli, na kwamba siwezi kuibukia tu pale. Lazima meli ikubali kutupokea njiani na majina yetu yarudishwe kwenye orodha. Akatuombea. Tulilala Barcelona, tukaruka Napoli, tukalala tena, asubuhi tukaisubiri meli ikiingia. Tulipoteza siku mbili kati ya saba. Mama alipanda ngazi ya meli akimshukuru kila aliyevaa sare.

Tangu siku hiyo, ninapopanga, sianzi na bei. Najiuliza: ikiharibika, ni nani atakayekaa kwenye simu saa nne usiku? Kama ni mimi, basi nijipe muda wa kuharibikiwa, yaani nifike siku moja kabla. Siku mbili, kama ni majira ya theluji au kama ndege kwenda huko ni chache. Ukishaweka usiku huo mmoja, kupanga mwenyewe kunakuwa jambo zuri kweli. Unachagua saa, unachagua shirika, maili zako za uaminifu zinahesabiwa, na jambo likibadilika unazungumza na shirika moja kwa moja. Bandari nyingine hata hazihitaji mawazo mengi. Fort Lauderdale, Marekani, uwanja wa ndege na bandari ni majirani kabisa.

Lakini angalia jina la bandari. Binamu yangu alijikatia tiketi ya ndege hadi Venice kwa sababu meli ilitangazwa hivyo. Tangu mwaka 2021 Italia ilipozuia meli kubwa kupita katikati ya mji ule, baadhi zilihamia bandari nyingine, na ya kwake ilikuwa Ravenna, zaidi ya saa mbili kwa barabara. Uwanja wa Bologna ungekuwa karibu zaidi. Vilevile ile inayoitwa London mara nyingi ni Southampton, kama kilomita 100 kutoka Heathrow. Kampuni ya meli ingemleta binamu yangu na basi lake. Yeye alitafuta teksi.

Na hela. Ukinunua pamoja, ndege mara nyingi hulipwa kwenye malipo ya mwisho ya safari, na kampuni ikiifuta safari, fedha zote unazidai sehemu moja. Machi 2020, meli ziliposimama karibu dunia nzima, waliokuwa wamejikatia tiketi walirudishiwa za meli huku za ndege wakizifuatilia peke yao. Ulaya kuna sheria inayompa mwenye kifurushi nguvu zaidi: aliyekuuzia safari nzima anawajibika kwa safari nzima, ndege ikiwemo. Uliza kama unachonunua kinahesabiwa kifurushi, na ujibiwe kwa maandishi. Kuhusu viza ya kupita kwenye nchi za kubadilishia ndege, usimwachie mtu. Mfumo unaokupangia njia hautazami pasi yako.

Safari ya tatu ilikuwa Alaska, jimbo la Marekani, kutoka Vancouver, Kanada, hadi bandari ya Whittier, hukohuko Alaska. Hii sikutaka kuicheza. Unashuka bandari tofauti na uliyopandia, tiketi za ndege za namna hiyo ni ngumu kuunganisha, na kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli ya bendera ya kigeni, yaani iliyosajiliwa nje ya Marekani, kumchukua abiria bandari moja ya Marekani na kumshusha nyingine bila kupita bandari ya mbali ya nchi ya nje. Maana yake, ukiachwa Vancouver huwezi kuikimbilia meli Ketchikan, bandari ya Alaska, na kuendelea nayo hadi mwisho, kama sisi tulivyofanya Napoli. Kwa hiyo nilinunua kwa kampuni ya meli, ila kwa ile njia ya kuchagua mwenyewe ndege, na nikachagua inayofika siku moja kabla. Kisha nikapiga simu ya kiti cha magurudumu. Mara mbili.

Kwenye kurudi tu ndipo nilipokereka. Mfumo wao ulikataa kunipa ndege ya mchana kutoka Anchorage. Ulinionyesha za jioni na usiku. Niliona wanatupotezea siku. Whittier ni kama kilomita 100 kutoka Anchorage, saa mbili za basi, nini cha kuogopa?

Kumbe barabara ya kutoka Whittier ni handaki la kilomita 4 ndani ya mlima, lenye njia moja tu, na njia hiyo hiyo hutumiwa na magari na treni. Upande mmoja ukiruhusiwa, mwingine unangoja. Basi letu lilisimama kwenye foleni, dereva akazima injini. Mama alifungua kitambaa alichofungia mkate wa meli, akanigawia nusu, akauliza ndege ni saa ngapi. Nikamwambia saa tatu usiku, mama. Akasema vizuri, basi ngoja nilale kidogo.