Tumbo la bleni wangu

Siku ya tatu tangu nimtie samaki huyu mdogo wa baharini kwenye tangi langu ndipo nilipomtazama tumbo. Alikuwa ametulia juu ya jiwe, amejiinua kwenye vipezi vyake viwili vya chini kama aliyeweka viwiko mezani. Mbavuni palikuwa pamebonyea. Chembe za chakula nilizomwagia asubuhi zilimpita puani, naye hata hakugeuka.

Huyu ni bleni mwigaji, Ecsenius gravieri, samaki wa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden asiyezidi sentimita 8. Kichwa ni cha kibuluu, mkia wa manjano, na mstari mweusi unaanzia jichoni ukifuata mgongo. Sura hiyo ameiazima kwa jirani yake, Meiacanthus nigrolineatus, ambaye taya lake la chini lina meno mawili marefu yenye sumu. Samaki mkubwa akithubutu kumtia huyo mdomoni, anang'atwa humo humo na kumtema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa sumu ya jamii ya Meiacanthus hushusha shinikizo la damu. Wangu hana hata tone la sumu. Anaishi kwa kufananishwa tu, na hilo ndilo lililonifanya nimtamani kwa muda mrefu.

Ukikaa mbele ya kioo unaweza kuwatofautisha bila kuhesabu mistari. Mwenye sumu ana kibofu cha hewa, kwa hiyo huelea katikati ya maji bila jasho. Wangu hana. Hujitokeza, akapiga mapezi upesi upesi huku mwili ukiyumba vilevile kama wa yule mwingine, halafu nguvu zikimwishia anashuka jiweni. Nikiliona hilo huwa naacha kazi niliyoshika.

Lakini nilikuwa nimesoma habari za sumu na rangi nikasahau kuuliza anakula nini. Meno yake ni membamba, yamepangana kama chanuo, kazi yake ni kukwangua utando wa mwani. Na tangi langu la lita 120 lilikuwa na miezi miwili tu. Maji yalikuwa sawa: nyuzi 25, uzito wa maji ya chumvi mara 1.025 ya maji matamu, amonia na nitriti, zile taka zenye sumu, sifuri. Kila Jumamosi nilikuwa nikisugua vioo vyote vinne hadi ving'are. Nilikuwa nikimfutia chakula chake kwa mkono wangu mwenyewe. Iliniuma sana, na hadi leo inaniuma.

Nikaacha kugusa kioo cha nyuma na vya pembeni. Nikaloweka kipande cha nori, yaani mwani mkavu wa karatasi, isiyotiwa mafuta wala viungo, nikakifunga kwa mpira kwenye kijiwe, nikakiweka karibu na tundu lake kwa sababu alikuwa hasogei mbali. Usiku nilikuwa nakitoa kisioze, asubuhi naweka kingine. Siku nane alikitazama tu. Siku ya tisa nikaona ukingo umemegeka kidogo, nusu duara, padogo kuliko punje ya mchele. Nilikaa sakafuni mbele ya tangi hadi miguu ikafa ganzi, nikingoja arudi. Alirudi.

Siku hizi anakula pia vipande vya spirulina, chakula cha mwani mdogo sana, vinavyozama. Mwani mrefu kama nywele haumshughulishi, kwa hiyo asinunuliwe na mtu anayetafuta wa kumfagilia tangi. Tangi liwe limezeeka kwanza, mawe yake yawe na rangi ya kijani kibichi na kahawia. Na juu pafunikwe kwa wavu, maana bleni huruka nje ya maji.

Kioo cha nyuma sasa kimejaa alama zake, vijimduara kama vya midomo iliyobusu vumbi. Taa zikipungua huingia tundu lake kinyumenyume, mkia kwanza, kichwa akakiacha nje. Juzi alikwama kidogo pale tumboni, ikabidi ajisukume mara mbili ndipo akaingia.