Nyumba yangu nilivyoipuliza rangi kwa mashine, na yale maji nusu kwa nusu waliyoniambia nichanganye

Nyumba yangu iko Kivule, vyumba vitatu, sebule, jiko na korido, na nilihamia haijaisha kama tunavyohamia wengi wetu. Madirisha yapo, dari ya jipsamu ipo, marumaru sebuleni tu, kuta zimepigwa skimu, ile plasta laini ya kumalizia, zikabaki hivohivo miaka mitatu. Kila hela ikishikika inakuja ada, unakuja msiba, rangi inasubiri. Mwezi wa kumi na mbili nikasema basi, kijana wangu kamaliza kidato cha nne yuko nyumbani anasubiri matokeo, mimi nina likizo yangu ya siku 28, tunapaka wenyewe.

Fundi wa kwanza alitaka laki nane na kitu ya ufundi tu, rangi juu yangu. Wa pili alishuka kidogo ila anataka nusu mkononi kabla hajashika hata brashi. Nilipowaambia nafikiria kutumia mashine ya kupulizia wote wawili walinijibu karibu maneno yaleyale, mama hiyo kazi tuachie sisi. Sawa, nikawaachia maneno yao.

Nikaenda Gerezani nikanunua ile bastola ya umeme ya kupulizia rangi, ya kushika mkononi, ina kikopo chake chini kinaingia rangi kama lita moja kasoro, bei laki na ishirini hivi. Muuzaji akaniambia, "Mama rangi zetu ni nzito, we weka nusu rangi nusu maji, itatoka kama mvua." Nyumbani jirani yangu ambaye amewahi kufanya vibarua vya rangi akasema hivohivo, nusu kwa nusu. Watu wawili wasiojuana wanasema neno moja, nikaamini.

Tukaanza na chumba cha kijana. Kweli ilitoka kama mvua, na ikanyesha kweli. Rangi ilipiga ukuta ikaanza kuchuruzika machozi mpaka chini, skimu ikanywa maji yote, sehemu moja karibu na dirisha ikalainika ikavimba kama andazi. Nikapiga mkono wa pili bado ukuta unaonekana, wa tatu bado, wa nne ukaanza kuficha. Kesho yake nimepitisha kiganja ukutani kikarudi cheupe pee, kama nimeshika chaki ubaoni. Ndo nikaelewa na hili naomba mtu yeyote anayetaka kupuliza rangi alielewe: rangi ya maji ina gundi yake ndani inayoshika ukuta, ukiizidishia maji ile gundi inatawanyika, kinachobaki ukutani ni unga. Haijalishi umepiga mikono mingapi. Tulikwangua, tukapiga msasa siku nzima, tukaziba pale palipovimba, ndoo ya lita 20 nusu yake imeenda. Niliumia sana kwa kweli, ile hela niliitolea jasho zamu za usiku.

Halafu ndani ya boksi la ile bastola kulikuwa na kikombe kidogo chenye tundu chini, kama fanelo, nilikitupa pembeni sijui cha nini. Kumbe ndo kipimo chenyewe. Unachota rangi unainua unahesabu sekunde inazotumia kuisha, kijitabu kinakwambia sekunde zipi zinafaa, unaongeza maji kidogokidogo mpaka ufike. Nilipokuja kupima, rangi yangu ilihitaji kama kikombe kimoja cha maji kwa vikombe kumi vya rangi. Kimoja kwa kumi! Sio nusu kwa nusu.

Basi chumba kile tukakirudia kwa kipimo kikatoka vizuri, ila sasa kikopo kinaisha kila baada ya dakika chache, unashuka ngazi unajaza unapanda, mkono unakufa ganzi. Hiyo bastola ni nzuri kwa milango, kabati, grili. Kwa nyumba nzima hapana.

Kuna jamaa anakodisha vifaa vya ujenzi, ana ile mashine ya pampu yenyewe. Ile haitumii upepo kabisa, ina mrija unaoutumbukiza ndani ya ndoo, pampu inanyonya rangi inaisukuma kwenye mpira mrefu kwa presha kubwa mpaka kwenye bastola, inapotoka kwenye tundu la nozeli inapasuka yenyewe kuwa ukungu. Nilikodi siku tatu, elfu hamsini au sitini kwa siku nimeshasahau, alinipunguzia ya mwisho.

Sasa hapa lazima niseme kitu na nakisema kama muuguzi. Presha ya hizo mashine inafika psi 3000. Tairi la gari dogo ni kama 30. Ile rangi ikitoka pale kwenye nozeli ikikutana na kidole inaingia ndani ya nyama kama sindano, na unachokiona nje ni kitobo kidogo tu hata damu haitoki, mtu anafunga plasta anaendelea na kazi huku ndani rangi imeshapanda kwenye kiganja. Watu wanakatwa vidole kwa sababu ya kitobo hicho. Siku ya kwanza nozeli iliziba, kijana wangu bila kufikiria akapeleka kidole cha shahada aipanguse, triga iko mkononi mwake mwenyewe. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Nilimketisha chini nikamweleza kila kitu, na tukaweka sheria: hakuna kugusa mbele ya bastola mpaka umezima mashine, umegeuza vali ya kurudishia rangi kwenye ndoo, na umebonyeza triga ukiielekeza ndooni presha imeisha. Ukipigwa ni hospitali saa hiyohiyo hata kama hakuna maumivu, na umwambie daktari ni rangi ya presha, ikiwezekana nenda na kopo waone ni rangi gani.

Na kuzibua kwenyewe hakuhitaji kidole wala pini. Ile nozeli inageuka, unaizungusha nusu mzunguko, unapiga ndooni mara moja uchafu unaruka nje, unaigeuza tena. Basi.

Ila ya kuziba niliimaliza kwa soksi. Zile soksi ndefu za nailoni za wanawake. Rangi hata ikiwa mpya ina vidonge na vigandamano vya pembeni mwa ndoo, nozeli yenyewe tundu lake halifiki hata nusu milimita, kidonge kimoja kinakusimamisha. Nikavalisha soksi mdomo wa ndoo tupu, kijana anamimina mimi nakamua kama nakamua tui. Yaani kama tui kabisa, mpaka nikacheka peke yangu. Ndoo tatu zote tukachuja tukazimimina kwenye pipa moja safi tukakoroga pamoja, maana ndoo na ndoo rangi inaweza kupishana kidogo hata kama namba ni ileile, na ukutani itaonekana. Baada ya soksi nozeli iliziba mara moja tu kwa siku mbili.

Nozeli yetu ilikuwa na namba 517 na nilikaa nayo usiku mzima kuielewa. Ile 5 unaizidisha kwa mbili unapata 10, ndo upana wa mkupuo, yaani ule mstari wa rangi unaotua ukutani, kwa inchi ukisimama kama sentimita 30 kutoka ukutani. Ile 17 ni ukubwa wa tundu, sehemu 17 kati ya elfu moja za inchi. Kwa rangi ya maji ya ukutani inafaa, kwa rangi ya mafuta ya milango unataka tundu dogo zaidi. Mwenye mashine hakuniambia lolote kati ya hayo, alinionyesha kitufe cha kuwasha.

Kufunika ndo kazi. Watu wanakwambia mashine inamaliza nyumba siku moja. Kweli kuta za vyumba vitatu nilizipuliza kabla ya saa saba mchana, lakini siku moja na nusu nzima kabla ya hapo ilikuwa kufunika tu. Ule ukungu unasafiri, unakauka hewani unatua kama vumbi kwenye kila kitu hadi chumba cha pili. Vitu vyote tulivitoa nje, kitanda na kabati kubwa vikabaki katikati ya chumba vimefunikwa nailoni. Feni zote zimezimwa, madirisha wazi. Vioo vya madirisha tulibandika magazeti yaliyolowekwa maji, yanaganda yenyewe kwenye kioo, kabla hayajakauka kabisa yanabanduka bila gundi wala tepu, tepu ya karatasi nikaiweka pembeni tu kwenye fremu. Bawaba, vitasa na grili nilizipaka mafuta ya mgando, rangi ikitua unafuta kwa kitambaa inatoka yote. Ila usiguse ukuta na hayo mafuta maana rangi haitashika hapo milele. Na vifuniko vya soketi na swichi vilifunguliwa vyote baada ya kuzima meinswichi, matundu yakazibwa kwa tepu.

Mimi nilifunga kanga kichwani, miwani, na ile barakoa yenye vichujio viwili vya pembeni, siyo ya kitambaa. Kijana naye yake. Hapo sikubana hela.

Kupuliza kwenyewe sasa. Mkono unatembea kabla hujabonyeza triga, na unaachia triga kabla mkono haujasimama, ukisimama na triga imebonyezwa tu hapo machozi. Bastola inaangalia ukuta moja kwa moja, usiizungushe kiwiko kama unamwagilia bustani. Kila mkupuo unafunika nusu ya ule uliopita. Presha niliianza chini kabisa, mistari mizito ikawa inatokea pembeni ya mkupuo, nikapandisha kidogokidogo mpaka mistari ikapotea, nikaishia hapohapo, kupandisha zaidi ni kuongeza ukungu tu. Dari kwanza halafu kuta. Pale dari inapokutana na ukuta nilimkabidhi kijana kipande cha boksi la friji anakitelezesha kama ngao, anafuta ukingo wake kila baada ya hatua mbili. Dari nyeupe juu ya nyeupe huoni ulipopita, tukawa tunamulika tochi kwa ubavu, pasipopata rangi panaonekana pamefifia.

Na nyuma yangu kijana alikuwa anapita na rola kavu kabla rangi haijakauka, mkono wa kwanza wote. Hili jirani alilicheka, "Sasa mashine ya nini kama rola ipo?" Mashine inamwaga rangi haraka, rola inaikandamiza iingie kwenye vitundu vya skimu, na ukuta mzima unapata chapa moja. Nilimwambia asubiri aone.

Siku ya pili saa nne umeme ukakatika, niko katikati ya ukuta mrefu wa sebule. Watu wanasahau kwamba umeme ukikatika presha haikatiki, imekaa ndani ya mpira inakungoja. Nikageuza vali, nikabonyeza triga ndooni, nozeli nikaitumbukiza kwenye maji isikauke, ndoo tukaifunika kwa kitambaa kibichi. Halafu tukachukua rola wote wawili tukamalizia ule ukuta mpaka kwenye kona, kwa sababu ukiacha ukuta nusu ukauke ukaja kuendelea baadaye utaona mshono maisha yako yote. Kona na kona, ndo mahali pa kupumzika. Umeme ulirudi saa tisa.

Mashine inakula rangi zaidi kuliko rola, hilo wasikudanganye. Nilipanga ndoo tatu, nikaongeza na kagaloni kamoja. Mpira peke yake wa mita 15 unabaki na karibu nusu lita ndani, kwa hiyo ukimaliza usiimwage, tumbukiza mrija kwenye maji safi, elekeza bastola kwenye ndoo ya rangi, ikitoka yote mpaka uone maji ndo unahamia kwenye ndoo ya uchafu. Na ndo maana nyumba nzima nilipaka rangi moja ya krimu, kubadilisha rangi kila chumba ni kuosha mashine kila chumba. Kuiosha ilitula saa nzima, na vichujio vyote viwili, cha kwenye mrija na cha ndani ya mpini.

Jumla sijui, tukitoa ile bastola na ile nusu ndoo iliyoharibika nilitumia chini ya nusu ya pesa ya fundi wa kwanza kwa upande wa ufundi. Ukijumlisha navyo bado nimebaki na chenji.

Kopo moja la ile rangi iliyochujwa nililihifadhi chini ya kitanda, limefungwa vizuri, na rola ndogo. Wiki mbili zilizopita watoto wa dada yangu walikuja, mpira ukapiga ukuta wa korido, doa la tope kubwa kama sahani. Nilifuta, nikagusa na ile rola ndogo mara mbili. Usiku nikamwita jirani, nikampa tochi, nikamwambia atafute doa lilipokuwa. Alimulika ukuta wote wa korido kwa ubavu, akarudia, akaniuliza ile mashine nilikodi kwa nani.