Ganda la kebo kikaangoni

Fundi umeme aliyekuwa akilaza kebo ya ardhini kwa jirani yangu, hapa Tabata, aliniachia kipande chenye urefu wa shibiri moja. Nilichuna ganda la nje, nikachukua tabaka jeupe linaloizunguka shaba, nikaliweka kikaangoni pamoja na kipande cha dumu kuukuu, madirisha yakiwa wazi. (Ganda la nje sikulithubutu, kwa kuwa kwa kawaida ni PVC, plastiki ambayo ikiungua hutoa moshi wenye asidi.) Dumu liliyeyuka na kunata kama ulimbo. Tabaka la kebo liligeuka angavu, likalegea kama mpira, lakini umbo lake halikupotea, na lilipopoa likaurudia weupe wake.

Vyote viwili ni polietilini, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati nchini Uingereza mwaka 1933. Katika dumu, molekuli zake ni nyuzi ndefu zilizolaliana tu, hivyo joto likizidi huteleza na kuachana. Katika kebo, nyuzi hizo zimefungwa mafundo ya kikemia zikawa wavu, na wavu hauyeyuki.

Mafundo hayo hufungwa kwa njia kadhaa. Peroksaidi, kemikali inayochanganywa na plastiki, ikipashwa moto huvunjika na kupokonya nyuzi atomu za haidrojeni, kisha kaboni zilizobaki wazi hushikana zenyewe kwa zenyewe. Miale ya elektroni hufikia matokeo yaleyale. Njia inayonivutia zaidi ni ya saileni, kemikali yenye silikoni, ambayo kwanza hupachikwa kwenye nyuzi, halafu husubiri maji ndipo ifunge. Viwandani hutumia maji ya moto au mvuke ili kuharakisha, ingawa naamini hewa yetu ya Machi, inayoilowesha chumvi ndani ya kopo, ingeifanya kazi hiyo polepole bila kudaiwa bili.

Faida yake huonekana kwenye vipimo: waya wenye ganda la PVC ya kawaida huruhusiwa kufikia nyuzi joto 70, ilhali wenye polietilini iliyofungwa mafundo hufikia 90, na hitilafu ya mkondo ikitokea huvumilia 250 kwa sekunde chache. Kwa hiyo shaba ileile hubeba umeme mwingi zaidi.

Hasara niliipata kwa mnunuzi wa chakavu wa mtaani. Dumu alilipima, kwa kuwa litasagwa na kuyeyushwa upya. Shaba aliilipia bila kubishana. Lile ganda jeupe alilirudisha mkononi mwangu, na mpaka leo liko juu ya kabati.