Nondo wa kwenye marejea

Ukipita kwenye marejea yangu, mmea ninaoupanda uwe mbolea shambani, mchana wa jua kali, utamkurupusha nondo mweupe asiye na wasiwasi. Anaruka kidogo, anatua mmea wa pili, anakaa peupe ndege wote wamwone. Mabawa ya mbele yana vidoa vyekundu na vyeusi. Ya nyuma ni meupe yenye pindo jeusi. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kitaalamu, alimwandika mwaka 1758, na leo wataalamu humwita Utetheisa pulchella. Ni msafiri pia: miaka mingine hufika hadi Uingereza.

Jeuri yake inatoka kwenye marejea yenyewe. Jamii nyingi za mmea huu zina sumu inayoharibu ini la mifugo, na mbegu ndizo zenye sumu nyingi. Kiwavi wake, wa kijivu mwenye nywele na mikato ya rangi ya chungwa, hutoboa ganda na kula mbegu mbichi. Sumu haimdhuru. Anaiweka mwilini, na akigeuka nondo anaondoka nayo.

Profesa Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alimchunguza ndugu yake wa huko, Utetheisa ornatrix. Nondo akinasa kwenye utando, buibui humgusa, kisha hukata nyuzi mwenyewe na kumwachia aende zake! Nondo waliolelewa kwa chakula cha maharage kisicho na sumu hiyo waliliwa.

Linalonifurahisha zaidi ni ndoa zao. Dume hutoa harufu iliyotengenezwa kwa sumu ileile, na jike hunusa kupima amebeba kiasi gani. Wakipandana, dume humpa sumu pamoja na manii yake, naye jike huipitisha kwenye mayai ili wadudu wengine wasiyaguse. Mahari ya maana hiyo, tena inawafikia watoto moja kwa moja.

Jirani yangu akiona maganda yametobolewa hunihimiza: “Mama, piga dawa, hawa watakumalizia mbegu.” Sipigi. Sehemu kubwa ya marejea naifukia ardhini yakianza kutoa maua, kabla maganda hayajakomaa, maana nimeyapanda yawe mbolea ya mahindi. Mistari ninayoiacha kwa ajili ya mbegu ni michache, na viwavi wake naokota kwa mkono asubuhi. Nondo wakubwa nawaacha.